Jina la riwaya yako likifanana na la kitabu kilichokwisha kutoka: namna ya kupima na kuamua

Mswada umekamilika, jina umelipenda, umeshaliandika kwenye ukurasa wa kwanza. Kisha unalitafuta mtandaoni na kulikuta, hilo hilo au ndugu yake wa toka nitoke, liko kwenye jalada la mtu mwingine tangu miaka ya themanini. Hapo waandishi wengi hukimbilia uamuzi. Kuna anayelitupa jina siku ile ile kwa hofu ya kushtakiwa, na kuna anayefumba macho akaenda nalo hadi kiwanda cha uchapaji. Nawasihi wote wawili wasubiri. Jina la riwaya ndilo litakalotamkwa dukani, darasani na kwenye simu kwa miaka mingi kuliko sentensi yoyote iliyo ndani ya kitabu, kwa hiyo linastahili kupimwa kwa utulivu.

Kufanana kwa majina peke yake si kosa wala si wizi. Jambo la kuuliza ni hili: anayekitaka kitabu chako atakipata chako, na anayekitaka cha mwenzako atakipata cha mwenzako? Hatua zote zinazofuata zinatumikia swali hilo.

Na tusishangae kuona majina yanagusana. Riwaya ya Kiswahili inachota majina kwenye kisima kimoja: methali, semi, mashairi, maneno mazito kama dunia, haki, damu, chozi, kiu. Mwaka 1973 Muhammed Said Abdulla alitoa Duniani Kuna Watu. Mwaka 1975 Euphrase Kezilahabi akatoa Dunia Uwanja wa Fujo. Mwaka 1980 Said Ahmed Mohamed akaja na Dunia Mti Mkavu, na mwaka 2006 akaongeza Dunia Yao. Riwaya nne, neno moja mlangoni, na sijapata kuona mtu aliyeenda kutafuta moja akarudi na nyingine. Uwanja wa fujo na mti mkavu ni picha mbili zisizokaa pamoja kichwani. Neno la kwanza ni la wote. Kinachokaa nyuma yake ni cha mwandishi.

Hata majina yaliyo sawa herufi kwa herufi yameishi kwa amani. Abdulrazak Gurnah alitoa Paradise mwaka 1994, habari ya kijana Yusuf anayechukuliwa na mfanyabiashara kwa deni la baba yake. Mwaka 1997 Toni Morrison, ambaye alikuwa ameshapata Nobel mwaka 1993, akatoa Paradise yake, ya mji wa watu weusi huko Oklahoma. Gurnah naye akapata Nobel mwaka 2021. Leo kuna Paradise mbili za washindi wawili wa Nobel, na ya Gurnah imeingia kwenye rafu za Kiswahili kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022.

Lakini upande wa pili upo. Emily Schultz, mwandishi wa Kanada, alitoa riwaya iitwayo Joyland mwaka 2006. Mwaka 2013 Stephen King akatoa Joyland yake, na akaamua isiuzwe kwanza kwa njia ya elektroniki. Wasomaji waliotaka kuisoma kwenye simu na kompyuta wakalikuta jina, wakalipia, wakapata kitabu cha Schultz. Yeye aliingiza pesa asizozitarajia, lakini baadhi ya wanunuzi walimwachia maoni ya hasira kwa kitabu ambacho hakikuwa na kosa lolote. Yeye ndiye aliyetangulia, na yeye ndiye aliyevunjiwa heshima na wateja wa mwingine. Ukiwa mwandishi mpya, fikiria hali hiyo ikiwa imegeuzwa: wewe ndiye unayekuja nyuma, na jina kubwa liko mbele yako.

Hatua ya 1: Andika sababu ya kulitaka jina hilo

Chukua karatasi uandike sentensi moja: nalitaka jina hili kwa sababu gani? Usijibu kichwani, andika.

Majibu mengi huangukia sehemu tatu. La kwanza, jina limetoka ndani ya hadithi: ni neno analolitamka mhusika, ni mahali, ni kitu kinachobeba mgogoro wote. Jina la namna hiyo lina haki ya kupiganiwa. La pili, lilikujia tu, lina mdundo mzuri, nawe hukumbuki limetoka wapi. Hilo lichunguze sana, maana mara nyingi ni mwangwi wa kitabu ulichosoma kidato cha tatu. La tatu, unajua kitabu fulani kimeuza na unatumaini wasomaji wake watapita kwako.

Kama jibu lako la kweli ni la tatu, liache jina leo. Msomaji aliyenunua kitabu chako akidhani ni kingine hawi msomaji wako. Anasoma kurasa kumi akitafuta kitu ambacho hukumwahidi, anakiweka chini, na siku utakapotoa kitabu cha pili atalikumbuka jina lako kwa ubaya. Waandishi wa Kiswahili tunajenga wasomaji mmoja mmoja, kwa kusimuliana. Hatuna wingi wa kumpoteza hata mmoja.

Kuna sababu ya nne, nayo ni adimu: unataka jina lako liitike kitabu kilichotangulia kwa makusudi, kwa sababu riwaya yako inakijibu, inakipinga au inakiendeleza. Hilo linaruhusiwa na ni sehemu ya mazungumzo ya fasihi. Sharti lake ni kwamba jibu liwemo kweli ndani ya kitabu. Mtu akiita riwaya Dunia Mti Mbichi, kila mwalimu wa fasihi ataifungua akitafuta mazungumzo na Said Ahmed Mohamed. Asipoyakuta, jina litakuwa deni lisilolipwa.

Hatua ya 2: Tafuta kwa kina

Hapa ndipo watu wanapofanya haraka kuliko pote. Wanaandika jina Google, wanatazama ukurasa wa kwanza, wanasema halipo. Kwa vitabu vya Kiswahili hilo halitoshi hata kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya riwaya zetu haijawahi kuwekwa mtandaoni.

Anza kama msomaji. Liandike jina kamili ndani ya alama za kunukuu, kisha bila alama, kisha pamoja na neno riwaya, kisha pamoja na neno kitabu. Tazama pia YouTube. Ukikuta jina lako ni la wimbo wa taarabu unaopendwa, la filamu, au la tamthilia ya televisheni, andika. Si vitabu, lakini vitakaa mbele yako kila mtu atakapokutafuta. Pitia pia hadithi za mfululizo zinazotolewa Facebook na kwenye makundi ya WhatsApp. Huko kuna waandishi wenye wasomaji wengi, na majina yao yana uzito kama ya vitabu vilivyochapwa.

Baada ya hapo badilisha sura ya jina, maana Kiswahili kinacheza na mwanzo wa neno. Chozi likiwa wingi ni machozi, na kwenye orodha ya alfabeti yanakaa mbali kabisa, moja kwenye C na jingine kwenye M. Mtu anayetaka kuita kitabu Machozi ya Heri anaweza kupitia orodha nzima ya M asione chochote, na huku Chozi la Heri ya Assumpta Matei imesomwa na kizazi kizima cha wanafunzi wa sekondari Kenya. Kwa hiyo tafuta umoja na wingi. Tafuta nomino na kitenzi chake: aliyechagua Kutengana akitazame Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed. Tafuta neno likiwa limeunganishwa na likiwa limetenganishwa, kwa sababu Kichwamaji ya Kezilahabi wengine huiandika kwa maneno mawili. Tafuta lenye kibainishi na lisilo nacho. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi imeandikwa kwa namna nyingi mitandaoni, na tangu filamu yake itoke mwaka 2021 matokeo ya kitabu na ya filamu yamechanganyika.

Sasa tafuta kama mkutubi. WorldCat inakusanya katalogi za maktaba za dunia nzima na haikutozi chochote. Katalogi ya Maktaba ya Bunge la Marekani ni hazina ambayo waandishi wetu hawaitumii vya kutosha: maktaba hiyo ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966 inayonunua machapisho ya ukanda huu, kwa hiyo utakuta humo riwaya ambazo hazipo katika duka lolote la mtandaoni. Pitia pia orodha za wachapishaji wenyewe, wa Dar es Salaam na wa Nairobi. Orodha hizo ni fupi. Kila moja unaimaliza wakati wa chai.

Kisha toka nje. Riwaya pendwa za miaka ya sabini na themanini, zile za upelelezi na mapenzi zilizochapwa kwa karatasi ya bei nafuu, nyingi zimebaki kwenye maktaba za vyuo, kwenye masanduku ya watu, na kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaopanga bidhaa zao barabarani. Mzee aliyeuza vitabu kwa miaka mingi ana kumbukumbu kuliko mashine yoyote. Mtajie jina lako, umuulize: hili umewahi kulisikia? Akisema ndiyo, muulize la nani, na kilikuwa kitabu cha habari gani.

Kila unachokikuta kiandike kwenye daftari: jina, mwandishi, mwaka, aina ya kitabu, na kama bado kinauzwa. Utalihitaji daftari hilo kwenye hatua inayofuata, na mchapishaji wako atakushukuru.

Hatua ya 3: Pima uzito wa kufanana

Sasa unalo daftari lenye majina matatu au manne yaliyo karibu na lako. Usiyahesabu tu, yapime.

Tazama kwanza kama kitabu hicho kinajulikana. Riwaya iliyochapwa mara moja zamani, ikaisha, na haisomwi tena popote, haina uzito sawa na ile iliyo mikononi mwa watu. Lakini mzito kuliko wote katika nchi zetu ni kitabu cha shule. Riwaya au tamthilia ikiwekwa kwenye mtihani wa taifa, jina lake linamezwa na mfumo mzima: miongozo, uchambuzi, maswali na majibu, video za walimu, maigizo ya jukwaani, nakala za kupiga picha. Jaribu kutafuta Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora uone ni kurasa ngapi za maswali na majibu zinakuja kabla hujafika kwenye kitabu chenyewe. Jina lako likikaribia la kitabu cha namna hiyo, hutaonekana hata mwandishi wake akikubariki kwa mikono miwili. Mzazi atafika dukani na orodha ya shule, muuzaji atampa kilicho karibu na mkono, na mtoto atarudishwa nyumbani kwa kuleta kitabu kisicho chake. Usimfanyie hivyo mtoto wa mtu.

Tazama pili mambo yaliyo ndani. Majina mawili yanayofanana juu ya hadithi mbili zisizohusiana yanavumilika. Majina yanayofanana juu ya hadithi zinazofanana ni hatari.

Tuchukue mswada wa kubuni tuupime kwa karibu. Riwaya ni ya binti wa mkata mkonge wa Tanga anayefuatilia malipo ambayo baba yake hakuyapata hadi alipofariki. Mwandishi ameiita Machozi ya Haki. Kwenye daftari lake amekuta Kilio cha Haki, tamthilia ya Alamin Mazrui ya mwaka 1981. Kwa herufi, yanashirikiana nusu tu. Moja ni riwaya, jingine ni tamthilia, na miongo mingi imepita katikati. Angeweza kusema hakuna tatizo. Lakini kilio na machozi ni watoto wa tumbo moja, na tamthilia ya Mazrui inahusu wafanyakazi wa shamba la mzungu wanaodai haki wakiongozwa na mwanamke, Lanina. Mwanamke, shamba, haki, kilio: vyote viko pande zote mbili. Mhakiki wa kwanza atakayeisoma riwaya ya mkonge ataandika kwamba imefuata nyayo za Mazrui, hata kama mwandishi wake hajawahi kuiona tamthilia hiyo. Kwa maoni yangu hapo jina linabadilishwa bila majadiliano. Baadaye tutaona linabadilishwaje.

Tazama tatu wakati. Vitabu vilivyopishana kwa miaka mingi huachiana nafasi; vinavyotoka msimu mmoja hugongana kwenye kila tangazo. Mwaka 2013 Kate Atkinson wa Uingereza na Jill McCorkle wa Marekani walitoa riwaya zenye jina moja, Life After Life, ndani ya majuma machache. Wote walikuwa waandishi wenye majina yao na wote waliendelea vizuri, lakini mwandishi anayeanza hana ngao hiyo. Kama unasikia kuna kitabu kinakuja chenye jina linalokaribia lako, muulize mchapishaji wake lini kinatoka. Ni simu moja tu.

Na tazama jina lako wewe. Kama jina la mwandishi na jina la kitabu vyote viwili vinakaribia vya mtu mwingine, msomaji hana pa kushika. Juma Hamisi akitoa kitabu kinachofanana jina na cha Hamisi Juma, hata mkutubi atakosea.

Hatua ya 4: Ijue sheria, kwa kiasi chake

Hofu kubwa ya waandishi iko hapa, na kwa sehemu kubwa ni hofu ya bure. Hakimiliki inalinda kazi yenyewe: hadithi ilivyoandikwa, sura kwa sura. Jina la maneno mawili matatu kwa kawaida halihesabiwi kuwa kazi. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani inasema wazi kwamba majina ya kazi na misemo mifupi hayalindwi na hakimiliki. Kwa Waingereza, ambao sheria za Kenya na Tanzania zina asili kwao, msimamo ni wa zamani: mwaka 1939 Privy Council ya London, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni, katika shauri lililotoka Kanada kuhusu filamu iliyotumia jina la wimbo, ilikataa kulipatia jina hilo hakimiliki. Kwa hiyo usitishwe na mtu anayekwambia neno dunia au neno haki ni lake.

Kuna mambo ambayo sheria huyaangalia kwa ukali zaidi. Moja ni udanganyifu wa kibiashara, yaani kumfanya mnunuzi aamini kwamba bidhaa yako ni ya mwingine. Jina linalofanana, likiongezewa jalada la rangi ile ile, herufi za mtindo ule ule na maneno ya nyuma yanayodokeza kitabu kile, linaweza kukufikisha huko. Jingine ni alama ya biashara. Jina la mfululizo wa vitabu linaweza kusajiliwa, kwa Tanzania Bara BRELA, kwa Zanzibar BPRA, kwa Kenya KIPI, na ni busara kuuliza kwenye ofisi hizo kama jina lako ni la mfululizo. Mwaka 2018 huko Marekani mwandishi mmoja wa riwaya za mapenzi alisajili neno moja la kawaida kwa ajili ya mfululizo wake, akaanza kuwaandikia wenzake wabadilishe majina ya vitabu vyao. Chama cha waandishi kiliingia upande wa hao wenzake, na mwaka huo huo akauachia usajili.

La tatu ni mhusika. Kuweka jina la mhusika maarufu wa mwandishi mwingine juu ya jalada lako, mfano Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla au Willy Gamba wa Elvis Musiba, ni jambo zito kuliko kufanana kwa majina ya vitabu. Unachukua mtu aliyeumbwa na mwenzako. Hilo linataka ruhusa ya mwenye haki, kwa maandishi.

Kama utachapisha Ulaya, elewa kwamba Ufaransa sheria inalilinda jina la kitabu lenye ubunifu kama inavyoilinda kazi yenyewe, na Ujerumani majina ya vitabu yana ulinzi wake katika sheria ya alama za biashara. Waandishi wetu walioko huko wawaulize wachapishaji wao kabla ya kuamua.

Nisisitize jambo ambalo nakutana nalo mara kwa mara: kupewa ISBN si kumilikishwa jina. Namba hiyo, inayotolewa Tanzania na Bodi ya Huduma za Maktaba na Kenya na huduma ya maktaba ya taifa, ni kitambulisho cha toleo lako. Inasaidia sana, maana vitabu viwili vyenye jina moja vina namba mbili, na duka likiagiza kwa namba halikosei. Lakini haimzuii mtu mwingine kutumia maneno yale yale.

Hatua ya 5: Ukiamua kubadilisha, rudi ndani ya hadithi

Njia rahisi ni kubandika kitu: kuongeza neno mwanzoni, kuweka nukta mbili na jina dogo chini yake. Haifanyi kazi vizuri. Jina dogo linasaidia kwenye katalogi, lakini hakuna mtu anayelitamka. Msomaji ataingia dukani aseme lile kubwa tu, na mgongano utarudi pale pale.

Njia inayofaa ni kulitafuta jina ambalo lingeweza kutoka kwenye hadithi yako tu. Turudi kwenye mswada wa Tanga. Haki, machozi, kilio, damu, jasho ni maneno ya kila hadithi ya mnyonge. Lakini ndani ya riwaya hii kuna mambo yasiyopatikana kwingine: singa, yaani nyuzi za mkonge, zinazoanikwa juani, mashine ya korona inayokamua majani, reli ndogo ya shamba, na kile kipande, kadi ya siku 30 za kazi aliyokuwa akiandikiwa mfanyakazi wa mkonge enzi za mkoloni. Tuseme binti anakuta kipande cha baba yake ndani ya sanduku, kimejaa alama za siku zote isipokuwa tatu, na kwa sababu ya siku hizo tatu mshahara haukutolewa. Basi jina limeshapatikana: Kipande cha Baba. Ni maneno matatu, yanatamkika, yana mtu na kitu ndani yake, na yanamfanya msomaji aulize kipande gani. Halina mwangwi wa Mazrui hata chembe. Hata hivyo linarudishwa hatua ya pili, litafutwe upya kama lilivyotafutwa la kwanza.

Fanya hivyo na mswada wako. Usome wote kwa kalamu ya rangi, ukipigia mstari kila kitu kinachoshikika, kila mahali penye jina, kila kauli ya mhusika inayoumiza au kuchekesha. Kauli za wahusika ni mgodi mkubwa wa majina. Ukiipenda methali, usiichukue nzima kama ilivyo. Methali nzima ni mali ya umma na huenda imeshatumiwa mara kadhaa. Chukua nusu yake, au igeuze iendane na msiba wa hadithi yako. Walibora hakuandika methali kwenye jalada lake. Alichukua msemo wa kidagaa kumwozea mtu na kumvalisha mtawala.

Hatua ya 6: Lijaribu jina masikioni

Vitabu vyetu vinauzwa kwa mdomo, kwa hiyo jina lipimwe kwa sikio kabla ya jicho. Mpigie simu rafiki aliye kwenye daladala au sokoni, penye kelele, umtajie jina mara moja tu. Mwambie alitafute kwenye simu yake kisha akutumie picha ya kile alichoandika na kilichotokea. Usimsahihishe.

Utajifunza mengi. Wengi wetu tunachanganya th na s, dh na z, gh na g, l na r, kwa kutamka na kwa kuandika. Ukiita riwaya yako Thamani ya Damu, aliyesikia samani ataletewa makochi na vitanda. Ukiita Dhiki, mwingine ataandika ziki. Hilo halina maana kwamba uache maneno hayo. Lina maana kwamba ukishakuwa na mgongano na kitabu kingine, usiongeze na ugumu wa tahajia juu yake. Mfanyie mtihani huo mtu wa Mombasa, wa Mwanza na wa Lubumbashi kama unao. Jina linalotafutika sawasawa sehemu zote tatu ni jina la kushika.

Hatua ya 7: Ukiamua kubaki nalo, litofautishe kila mahali pengine

Umepima, umeona mgongano ni mwepesi, na jina limetoka ndani kabisa ya hadithi. Baki nalo bila woga, lakini fanya kazi ya ziada.

Mweleze mchoraji wa jalada kuhusu kitabu kile kingine na umuonyeshe picha yake, ili aende upande tofauti kwa rangi, picha na herufi. Wachoraji wengi hawaambiwi, kisha majalada yanatoka kama mapacha. Andika neno riwaya chini ya jina. Jina lako wewe liwe kubwa, lisomeke hata jalada likiwa dogo kwenye kioo cha simu, na liwepo kwenye mgongo wa kitabu. Maneno ya nyuma yaanze na mahali na mtu: Tanga, mkonge, binti fulani. Sentensi hiyo ya kwanza ndiyo itakayomwokoa mnunuzi aliyeshika kitabu kisicho chake. Unapokitangaza, taja jina la kitabu na jina la mwandishi pamoja, kila mara, mpaka watu wazoee kuyatamka kwa pumzi moja. Ukiuza Amazon, usitaje kitabu kingine wala mwandishi mwingine kwenye sehemu ya jina; kanuni zao zinakataza.

Na kama mwandishi wa kitabu kilichotangulia yuko hai, mwandikie. Huombi ruhusa, kwa kuwa hulazimiki, unabisha hodi. Mwambie: shikamoo mwalimu, naandika riwaya ya jambo hili, jina lake linakaribia la kitabu chako ambacho nakiheshimu, nimeona usilisikie kwa watu. Mistari minne inatosha. Waandishi wetu wakubwa wengi ni walimu, na barua ya namna hiyo huweza kurudi na ushauri mzuri kuliko ulioutarajia. Akikujibu kwamba hapendi, msikilize kwa makini kabla ya kuamua. Huenda ameona mgongano ambao wewe hukuuona.

Juma moja kabla ya faili kwenda kiwandani, rudia kutafuta. Vitabu vinatoka kila siku, na kubadilisha jina kwenye faili hakugharimu kitu, ilhali kwenye nakala 1,000 zilizokwisha kuchapwa ni hasara yako.

Hatua ya 8: Kitabu kimetoka, na mwingine amekuja na jina lako

Usianze kwa kulalamika mtandaoni. Nunua kitabu chake, ukisome. Kama hadithi ni tofauti na jalada ni tofauti, mwandikie salamu na umwombe mtajane kwa heshima pale wasomaji wanapochanganya; mnaweza hata kuelekezana wasomaji. Kama jalada limeiga lako, au kinauzwa kama mwendelezo wa chako, weka ushahidi: picha za majalada yote mawili, tarehe kitabu chako kilipotoka, risiti za kiwanda, ujumbe wa wasomaji waliokosea kununua. Mpe mchapishaji wako vyote hivyo, amwandikie mchapishaji wa pili kwanza kwa upole. Ikishindikana, nenda na faili hilo kwenye taasisi ya hakimiliki: COSOTA ukiwa Tanzania Bara, COSOZA ukiwa Zanzibar, au KECOBO ukiwa Kenya, hasa kama kuna sehemu ya hadithi iliyochukuliwa. Na kama kilichoigwa ni sura ya biashara tu, muone wakili anayeshughulika na alama za biashara. Wakati huo wote endelea kukiuza kitabu chako kwa namba yake ya ISBN, na uwaombe wenye maduka waagize kwa namba hiyo.